Kibati cha Mwashi

Aliyemwambia Mama Kibonge kwanza habari za kibati kile alikuwa wifi yake. Jumapili hiyo walikuwa wakianua maboya ya kuvaa kwenye kamba, pale penye gati dogo la mashua, baada ya wageni waliokuja kutembezwa bwawani kwenda zao. Wifi ndiye aliyewavalisha wageni maboya, na kazi hiyo ilikuwa imempa mdomo. Aliweza kumwamuru hata bwana mwenye kitambi na suti anyanyue mikono afungwe kamba kama mtoto wa chekechea. "Baba, maji hayaulizi cheo," angemwambia. "Nyanyua."

Mama Kibonge hakujaliwa mdomo wa namna hiyo. Yeye alifanya usafi pale bwawani. Alifagia ukumbi wa wageni, alifuta madirisha ya jengo la mitambo ya umeme, na alipita kila mahali kimya kimya na ndoo yake. Ukimsalimia ghafla, jibu lilichelewa kutoka, na likitoka unakuta umeshapita. Mumewe alikuwa akimtania kwamba siku nyumba ikishika moto, yeye atakwenda kwa jirani apige hodi kwanza, kisha asubiri kukaribishwa.

"Wifi," yule wa maboya alimwambia siku hiyo, "unaujua ule ubao wa mlango wa chini?"

"Naujua. Huwa naufuta vumbi."

"Umekiona kibati cha pembeni kabisa? Kilichopakwa rangi juu kwa juu?"

Alikuwa amekiona. Chini ya ukuta wa bwawa, upande ule maji yanakotoka kwenda mtoni, kulikuwa na mlango mzito wa chuma. Nyuma ya mlango kulikuwa na handaki jembamba lililopita ndani ya tumbo la ukuta, toka ng'ambo hii mpaka ng'ambo ile. Humo ndimo alimofanyia kazi mumewe, Baba Kibonge. Alikuwa mpima maji. Kila siku aliingia na tochi na kopo kupima maji yanayochuruzika kwenye nyufa. Ukuta unaozuia maji mengi kiasi kile haukosi kutoka jasho, na kazi yake ilikuwa kujua kama jasho linazidi.

Kando ya mlango palitundikwa ubao wenye misumari. Kila mfanyakazi alikuwa na kibati chake, kipande cha shaba cha duara chenye alama yake. Ukiingia, unakitundika. Ukitoka, unakitoa. Unakitoa kwa mkono wako mwenyewe, si kwa mkono wa mwenzako, hata kama mmezaliwa tumbo moja. Na mageti ya chini hayafunguliwi mpaka mlinzi aulize kutoka juu, "Ubao uko wazi?" na aliye chini ajibu, "Uko wazi." Kwa sababu mageti yakifunguliwa, mto unapanda mpaka unaumeza mlango ule wa chuma. Aliye ndani ndiyo basi tena.

"Kile kibati ni cha mwashi," wifi alisema, akashusha sauti ingawa pale palikuwa na ndege tu. "Ni wakati wanajenga. Yeye alikuwa kwenye kona huko ndani, analainisha ukuta. Mtu mmoja akatundika koti lake kwenye ubao, likafunika kibati chake. Msimamizi akauliza, ubao uko wazi? Wakamwambia uko wazi. Wakamwaga zege."

"Wakamwaga..."

"Wakamwaga. Koti linaondolewa, kibati hiki hapa kinaning'inia. Tangu hapo hakuna aliyekitoa. Wakipaka ubao rangi, wanapaka na juu yake. Unajua kwa nini?"

Mama Kibonge alitikisa kichwa.

"Kikiwa pale, yeye bado yuko kazini. Kikitolewa, kazi imekwisha." Wifi alikunja boya la mwisho akalitupa juu ya mengine. "Na mtu kazi yake ikiisha anafanya nini?"

"Anarudi nyumbani."

"Haya. Nyumbani kwa nani?"

Kisha akacheka mwenyewe, akampiga Mama Kibonge begani. "Usiniangalie hivyo, wifi! Ni hadithi za walinzi. Shika upande huo tubebe."

* * *

Mvua za mwaka ule zilinyesha kama zimetumwa. Bwawa likajaa. Mashua zikavutwa nchi kavu, gati likazama, na yale mabango ya kukataza watu kuogelea yakabaki yametokeza vichwa tu juu ya maji, kama watu wanaoogelea.

Alasiri moja msimamizi alimwita. Alikuwa mgeni pale, kijana msafi wa viatu, mwenye haraka.

"Mama, kesho wanakuja wakaguzi wa usalama. Ule ubao wa mlango wa chini una rangi juu ya rangi mpaka umevimba. Ukwangue wote, kesho asubuhi uupake upya."

Mama Kibonge alisimama na ndoo yake.

"Kuna kile kibati..."

"Kibati gani?"

"Kile cha pembeni."

"Nimeshasimuliwa," msimamizi alisema. "Mambo ya kuogopeshana sitaki kazini kwangu. Kwangua wote, mama. Sawa?"

Alitaka kusema si sawa. Alisema, "Haya."

Akashuka ngazi za zege akiwa na kisu cha kukwangulia na kipande cha msasa. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na kivuli cha ukuta kilikuwa kimeshafunika bonde lote. Pale chini palikuwa na baridi yake peke yake, na taa moja iliyowaka juu ya mlango. Ukiweka kiganja ukutani ulihisi mtetemo mdogo, mfululizo, wa yale maji yote yaliyoegemea upande wa pili.

Alikuwa ameanza kukwangua mumewe alipotokea, amevaa ovaroli na gambuti, kofia ngumu imekaa upande.

"Leo nimewekewa ulinzi," alisema.

"Nimeambiwa nikwangue ubao."

"Kwangua taratibu basi, usimwamshe mwenye nyumba."

"Usitanie hapa."

"Nitanie wapi? Nyumbani hunipi nafasi, unaongea mno." Akacheka, na yeye akajikuta anacheka kidogo, maana hiyo ilikuwa kazi ya Baba Kibonge maishani, kumchekesha mtu asiyetaka. Akatundika kibati chake. Alama yake ilikuwa kifaranga alichokichora mwenyewe kwa ncha ya msumari, kwa ajili ya mtoto wao. Kilitoka vibaya kiasi kwamba wenzake wote walikiita kunguru.

"Maji yamezidi sana," alisema, sasa bila utani. "Wanataka kufungua mageti kabla giza halijaingia. Napima kona ile ya mwisho tu, natoka, tunapanda wote. Kibonge yuko na shangazi yake?"

"Yuko naye."

"Basi atakuwa ameshalishwa mpaka hawezi kukaa."

Akaingia. Mwanga wa tochi ukapungua, ukapungua, ukapinda kona, ukapotea. Zikabaki hatua zake. Kisha matone tu.

Ti... ti... ti...

Aliendelea kukwangua. Nyeupe ikatoka, chini yake kijani. Kijani ikatoka, chini yake kijivu. Alipofika pembeni akakizunguka kile kibati kwa uangalifu, kama mtu anayefagia kuzunguka miguu ya mgeni. Hakutaka kukigusa. Angemwambia msimamizi kwamba kimegoma kutoka. Alikuwa ameshaipanga sentensi yote kichwani.

Lakini msumari wa kibati kile ulikuwa umeoza zamani. Kilichokuwa kimekishikilia miaka yote ile ni rangi.

Kikadondoka.

Kililia juu ya sakafu ya zege, kikazunguka, kikalala.

Na matone yakanyamaza. Si tone moja. Yote.

Mama Kibonge aliinama akakiokota. Kilikuwa na alama ya mwiko wa mwashi. Kilikuwa cha moto, kama kitu kilichotoka kushikwa muda mrefu ndani ya ngumi. Alijaribu kukirudisha, msumari ukamomonyoka ukawa vumbi jekundu kidoleni mwake.

Ndipo harufu ikaja. Saruji. Saruji mbichi, ya kukorogwa sasa hivi, kwenye ukuta uliojengwa kabla yeye hajazaliwa.

"Baba Kibonge?"

Hatua zikasikika. Nzito, za kuvuta, kama za mtu aliyekalia miguu mpaka imekufa ganzi. Zikapinda kona. Hapakuwa na mwanga wa tochi.

Mtu akatoka.

Moyo wake ukashuka mahali pake, maana alikuwa mumewe. Ovaroli ile ile, gambuti zile zile, uso ule. Alisimama chini ya taa, akapepesa macho, akaangalia juu, ukuta wote ule mpaka ulipokutana na mbingu.

"Dada," akasema taratibu, "wenzangu wameshapanda?"

"Acha utani wako. Umenitisha."

Alimtazama kwa adabu, kama unavyomtazama mtu uliyekutana naye kwenye benchi la hospitali. "Samahani," akasema. "Nimekawia kidogo tu." Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, akakichukua kile kibati kiganjani mwa Mama Kibonge, akakitia mfukoni. "Asante kwa kunitolea."

Kutoka juu mlinzi akapiga kelele. "Huko chini! Ubao uko wazi?"

Kibati cha kifaranga kilikuwa bado kinaning'inia.

"Kitoe," Mama Kibonge alinong'ona. "Kitoe kibati chako, tupande."

"Nitolee wewe." Alionyesha mikono yake. "Imekuwa mizito."

Mikono ilikuwa ya kijivu mpaka kwenye viwiko, na imekauka, na pale ilipokunjwa ilikuwa na nyufa.

Alijua. Lakini kwa Mama Kibonge kujua kulikuwa kitu kimoja, na kusema kitu kingine, na baina ya hivyo viwili kulikuwa siku zote na safari ndefu.

"Mama!" Sasa ilikuwa sauti ya msimamizi, kali, imejaa hofu. "Ubao uko wazi au hauko wazi? Maji yanakaribia kupita juu ya ukuta! Jibu!"

Angewaambia nini? Kwamba mume wangu yuko ndani? Huyu aliyesimama hapa, ambaye wanaiona kofia yake kutoka huko juu, ni nani? Kwamba nimedondosha kibati, na sasa nasikia harufu? Aliziona sura zao zote zikimwangalia. Alijiona amesimama katikati yao akitafuta maneno.

Akanyanyua mkono. Akakitoa kibati cha kifaranga.

"Uko wazi," alisema.

"Nini? Hatusikii!"

"Uko wazi!"

Hakuwahi kupaza sauti namna ile tangu azaliwe.

King'ora kikalia. Yule mtu akauegemea mlango wa chuma kwa bega, ukaanza kufunga, polepole, ukisaga. Na katika ule upenyo uliobaki, huko ndani kabisa, kwenye kona...

Mwanga.

Mwanga wa tochi, unakuja, unaruka juu na chini kama unavyoruka mkononi mwa mtu anayetembea bila wasiwasi. Na mluzi.

Mlango ukafunga. Gurudumu la mlango likazungushwa.

Mama Kibonge alipiga mlango kwa ngumi. Alipiga kwa kisu cha kukwangulia. Alipiga kelele, na king'ora kikameza kila kitu. Maji ya mto yakaanza kugeuka rangi, yakavimba, yakamfika kwenye vifundo, yakamfika magotini. Mikono miwili mizito ikamkamata kwa nyuma, ikamkokota ngazi hadi ngazi. Haikuwa mikono ya kuumiza. Ilimshika kama unavyomshika mtoto wa mtu asianguke.

King'ora kiliponyamaza, mlango ulikuwa chini ya maji.

"Kuna mtu ndani," alimwambia msimamizi. "Mume wangu yuko ndani. Fungeni mageti."

Msimamizi akamtazama. Mlinzi akamtazama. Kisha wote wawili wakatazama nyuma yake.

"Mama," mlinzi alisema kwa upole, "mumeo si huyo hapo?"

"Si yeye. Fungeni."

"Nikifunga sasa hivi ukuta unapasuka," msimamizi alisema, "na kila aliye chini huko kando ya mto anakwisha. Unanielewa? Siwezi kufunga kwa ajili ya mtu ninayemwona amesimama." Akafuta uso. "Mzee, mpeleke mkeo nyumbani. Kazi ya leo imemzidi."

Baadaye Mama Kibonge alifikiria kwamba kama angalau wangemcheka, pengine angekasirika, na hasira ingempa maneno. Hawakumcheka. Walimhurumia.

* * *

Yule mtu alimfuata nyuma njia nzima. Hakuijua njia. Kila penye njia panda alisimama kungoja aonyeshwe, na mahali pamoja aligeuka kushuka kushoto, moja kwa moja kuelekea kwenye maji ya bwawa, kama mtu anayekwenda kwao. Maji yalipomfika gambuti alisimama. Aliangalia bwawa muda mrefu.

"Palikuwa na nyumba hapa," alisema.

Mama Kibonge akaendelea kutembea. Yule mtu akarudi nyuma yake.

Wifi alikuwa mlangoni na Kibonge mgongoni. "Mmelowa kama kuku! Kaka, umemfanya nini mwenzio mbona midomo imekuwa myeupe?"

Kibonge alimwona baba yake akaanza kurukaruka mgongoni, akanyoosha mikono. Mama Kibonge alimwomba Mungu mtoto alie. Inasemekana watoto wanaona. Kibonge hakulia. Alichukuliwa, akapakatwa, akashika lile sikio kama alivyozoea kulishika, akacheka, na mate yake yakadondoka kwenye ile mikono ya kijivu yakaacha alama nyeusi.

Chumba chao kilikuwa kimoja, chenye pazia katikati. Ukuta wa upande wa kitanda Baba Kibonge aliupiga lipu mwenyewe walipohamia, akajisifu mwezi mzima, kila mgeni akaonyeshwa. Yule mtu alipita akaupapasa kwa kiganja, akasimama, akaurudia.

"Aliyepiga lipu hii," alisema, "alikuwa amelewa?"

Wifi akacheka. "Si wewe mwenyewe, kaka?"

Yule mtu aliendelea kuupapasa, taratibu, kwa mkono wa kushoto, kama unavyopapasa mgongo wa mgonjwa. Wifi akakitazama kile kiganja kinachokwenda na kurudi. Kaka yake alitumia mkono wa kulia tangu utotoni. Kicheko chake kikaisha kidogo kidogo, kama maji yanayokwisha kwenye mtungi.

Alimvuta Mama Kibonge nje, penye giza la ukuta.

"Umekigusa?"

"Kilidondoka."

"Na kaka yangu?"

Mama Kibonge akafungua kiganja. Kibati cha kifaranga kilikuwa kimembana mpaka kimemwachia duara kwenye nyama.

"Nimemtoa ubaoni mimi," alisema. "Kwa mkono wangu. Wameniuliza, nikawaambia uko wazi."

Wifi, mwenye mdomo wake wote ule, alifunika uso kwa kanga. Kutoka chini bondeni walisikia mto ukinguruma, na hawakuhitaji kuambizana kwamba mlango uko wapi saa ile.

Baada ya wifi kujilaza upande wa pili wa pazia, akilia bila sauti, Mama Kibonge aliketi juu ya ndoo yake iliyopinduliwa. Yule mtu alikuwa ameketi sakafuni, mtoto amelala kwenye mkono wake. Hakuwa amegusa kitanda. Alikuwa ameacha mlango wazi, na kila baada ya muda aligeuka kuutazama kama uko wazi bado.

"Mume wangu yuko wapi?" alimwuliza.

"Mahali pangu."

"Anaumia?"

Alifikiria. Ilionekana anataka kusema kweli.

"Hapana. Humo huumii. Unalainisha ukuta, unajiambia, bado hapa kidogo, niende. Bado hapa kidogo." Akautazama mlango tena. "Mimi nilidhani ni jioni ile ile, dada. Nilidhani mke wangu amekasirika chakula kinapoa."

"Rudi," Mama Kibonge alisema. Alishuka kwenye ndoo, akapiga magoti. "Kaka yangu, nakuomba. Shuka kesho, tundika kibati chako kwa mkono wako. Yeye ana mtoto."

"Na mimi nilikuwa naye."

Alimtazama Kibonge usingizini. Alimfunika mguu uliotoka nje ya shuka.

"Sijui wanadamu wengine wangefanyaje," alisema. "Nakuuliza wewe. Ungekuwa ni wewe, ungerudi?"

Mama Kibonge aliinuka, akarudi kuketi juu ya ndoo yake.

* * *

Kulipopambazuka mvua ilikuwa imekatika na mngurumo wa mto umepungua. Walikuwa wamefunga mageti. Mama Kibonge alimwacha mtoto na wifi, akashuka bondeni mbio. Mlinzi alipomwona alivyo hakumbishia. Alichukua ufunguo, akashuka naye, akazungusha gurudumu. Ngazi zote zilikuwa zimejaa matope na majani.

"Nakufungulia uone mwenyewe, roho yako itulie," alisema. "Vaa kofia." Lakini alikuwa ameshampita.

Maji ya mto hayakuwa yameingia handakini. Taa ya mlinzi ilimulika kuta zote mbili, mbele na nyuma. Hapakuwa na mtu.

"Unaona, mama?"

Kwenye kona ya mwisho kopo la Baba Kibonge lilikuwa limetegwa chini ya ufa, limejaa, linamwagika. Mlinzi aliliona. Akasema huenda mumewe alilisahau, kisha akasema yeye anangoja kule mlangoni. Hatua zake za kurudi zilikuwa za haraka.

Mama Kibonge alibaki gizani. Aliupapasa ukuta mpaka akafika mahali palipokuwa laini kuliko pengine pote, laini kama ndani ya bakuli. Akaweka shavu.

"Baba Kibonge."

Matone.

"Baba Kibonge, ni mimi."

"Mke wangu?" Sauti haikutoka mbali, wala haikutoka karibu. Ilitoka ndani ya zege kama mtu anavyoongea akiwa chumba cha pili. Ilikuwa na furaha. "Mbona umeingia bila kofia? Utaniharibia kazi, msimamizi akikukuta. Toka, toka. Nakuja sasa hivi, nimalizie hapa tu."

Alifungua kinywa. Ilikuwa asubuhi. Alitaka kumwambia kwamba ni asubuhi, kwamba jana imekwisha, na nani amelala nyumbani kwake na mtoto wake mkononi. Alikuwa na maneno yote, kwa mara ya kwanza maishani yalikuwa yamejipanga yote, hakuna hata moja lililokwama. Akafikiria mtu aliye ndani ya ukuta akiyasikia. Akafikiria atakavyokaa nayo humo.

"Haya," akasema.

"Tangulia. Usinisubiri kwenye baridi."

"Haya, mume wangu."

Akasikia mluzi wake unaanza tena.

Nje mlinzi alimwuliza alikuwa akiongea na nani, akamwambia anajisemesha tu. Akapanda ngazi zenye matope. Yule mtu alikuwa amesimama juu kabisa, Kibonge yuko mabegani mwake, na hakuthubutu kuweka hata ncha ya kiatu kwenye ngazi ya kwanza.

"Amekulilia," alisema.

Mama Kibonge alimpokea mtoto. Walirudi nyumbani, yeye mbele, yule mtu nyuma. Wifi alikuwa ameondoka. Akawasha moto, akabandika maji ya chai. Yalipochemka akamimina kikombe chake, akamimina kikombe cha yule mtu akampa kwa mikono miwili kama apewavyo mgeni. Kisha akatoa kikombe cha mumewe, akakijaza, akakifunika kwa kisahani kisipoe.